Dakika ya Mwantumu

Nchi yenyewe msiniulize jina. Wenyewe wanalijua, majirani wanalijua, na mimi sina ugomvi na serikali ya mtu. Nasimulia tu, tena kwa nia njema kabisa.

Katika nchi hiyo, wafanyakazi wa halmashauri na wa mashule walikuwa wanajadiliana na serikali yao kuhusu mishahara kwa mwaka wa kumi na nne mfululizo, na majadiliano yalikuwa yanaendelea vizuri. Ndivyo redio ilivyosema kila baada ya miezi mitatu, kwa sauti ileile: majadiliano yanaendelea vizuri. Wafagia masoko, makarani wa kata, wazoa taka, walinzi na wapishi wa shule walikuwa wanapokea mshahara uleule waliokuwa wakipokea siku majadiliano yalipoanza. Tofauti ni kwamba siku zile ulikuwa unanunua kitu.

Bi Sikudhani aliyajua majadiliano hayo kuliko watu wengi, maana kwa miaka sita hakukuwa na kikao alichokosa. Yeye hakuwa mjumbe. Alikuwa mhudumu wa Shule ya Msingi Mlangawima, kazi yake kufagia ofisi ya walimu na kupiga kengele. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amepiga kengele ya shule ile kwa wakati, mvua na jua, hadi watu wa mtaani wakawa wanarekebishia saa zao kwake. Serikali ilipotafuta mtu wa kutunza dakika kwenye vikao vya majadiliano, pande zote mbili zilimkubali yeye bila kupingana. Ndilo jambo la pili walilowahi kukubaliana.

La kwanza ndilo lililofanya atafutwe mtu wa kutunza dakika, na hilo inabidi nilieleze, maana mgeni hawezi kulielewa.

Kila kikao kilikuwa na agenda nne. Ya kwanza, kufungua kikao. Ya pili, kuwakumbuka wafanyakazi waliofariki tangu kikao kilichopita. Ya tatu, kupitia na kusahihisha muhtasari wa kikao kilichopita. Ya nne, nyongeza ya mishahara. Zamani agenda ya pili ilikuwa ya dakika moja tu: watu wanasimama, wananyamaza, wanakaa. Sasa mwaka fulani akafariki mkurugenzi mmoja na mfagiaji mmoja katika wiki moja. Mkurugenzi akapewa dakika yake peke yake. Mfagiaji akaingizwa kwenye dakika ya jumla pamoja na wenzake arobaini. Lo! Chama cha Wafanyakazi kilikasirika kama hakijawahi kukasirika. Mwenyekiti wake, Komredi Zuberi Lipweche, alipiga meza mpaka glasi zikaanguka. Wakagoma kunywa chai ya kikao siku mbili nzima. Serikali, baada ya kutafakari kwa kina, ikakubali: tangu leo kila marehemu, awe mkubwa awe mdogo, atapewa dakika yake kamili.

Huo ndio Mkataba wa Dakika, na ndio ushindi pekee ambao chama kimewahi kuupata. Zilichapishwa fulana zenye maneno DAKIKA MOJA, MTU MMOJA. Komredi alibebwa juu juu.

Sasa hesabu mwenyewe. Chama kilikuwa cha nchi nzima, na watu wake walikuwa wanazeeka na kuumwa bila dawa. Kila miezi mitatu walikufa mia na ishirini, mia na arobaini, mia na hamsini. Ukumbi ulikodishwa kuanzia saa tatu mpaka saa sita, halafu wanaingia wapambaji wa harusi. Ukitoa nusu saa ya chai na hotuba za kufungua, ambazo zilirefuka kila marehemu walipopungua, muda wote uliobaki ulikuwa wa kimya. Tangu mkataba ule utiwe sahihi, miaka sita ilikuwa imepita, na hakuna kikao kilichofika agenda ya tatu. Ya nne ilibaki kwenye karatasi, imechapwa vizuri kwa herufi nzito.

Kimya chenyewe kilikuwa na kanuni zake, zilizotiwa sahihi na Kamishna Mkuu wa Utulivu wa Mishahara, Mheshimiwa Profesa Gaudensi Pangamawe, kwa mkono wake mwenyewe. Mtu haruhusiwi kukaa, kusema wala kutoka mpaka kengele ilie. Atakayekatisha dakika ya marehemu, jela miezi sita. Na kanuni ya tisa: hapawi na dakika ndani ya ukumbi isiyo na mwenyewe. Hiyo ya tisa ilitungwa baada ya mjumbe mmoja kijana kuomba dakika moja ya ziada kwa ajili ya wote wanaoteseka. Kamishna alimjibu kwamba dakika ni mali ya umma, haziwezi kugawiwa ovyo ovyo kwa watu wasiojulikana.

Basi utaratibu ulikuwa hivi. Katibu wa kikao, Bwana Hezroni Mkalimoto, anasoma jina. Ukumbi unanyamaza. Bi Sikudhani anaangalia saa yake, na sekunde ya sitini ikifika anagonga rimu ya lori iliyoning'inizwa jukwaani na kupakwa rangi ya dhahabu kwa heshima ya serikali. Ngo! Jina linalofuata.

Mwanzoni alikuwa analia. Aliwalilia watu asiowajua, wa mikoa ambayo hajafika. Mwaka wa pili akawa anasikitika tu. Mwaka wa tatu akagundua kwamba anawaza mboga za jioni, akajisuta. Kufikia mwaka wa sita hakuwa anajisuta tena. Jina, saa, nyundo. Jina, saa, nyundo. Akirudi shuleni watu wanamuuliza, "Vipi, kikao?" Naye anajibu, "Mia na thelathini na mbili."

*

Kwenye kikao cha mwezi wa tatu, jina la themanini na nane lilikuwa hili: "Mwantumu Sefu Mang'oli, mpishi, Shule ya Msingi Mlangawima."

Bi Sikudhani aliinua kichwa. Mpishi wa Mlangawima alikuwa shoga yake. Jikoni kwa Mwantumu ndiko alikokunywa uji kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tisa, na asubuhi ileile wameachana Mwantumu akiwa amepinda mgongo juu ya sufuria, akipiga kelele kwamba kuni za halmashauri ni mbichi kama mboga. Sekunde zilikuwa zinakwenda. Kusema hairuhusiwi. Akafanya alichokuwa amezoea kufanya: akaangalia saa, na sekunde ya sitini ilipofika akagonga. Ngo! Bwana Mkalimoto akasoma jina la themanini na tisa.

Aliporudi shuleni alikwenda moja kwa moja jikoni.

"Mwantumu, leo nimekupigia kengele ukumbini. Umesomwa!"

"Mimi? Nimesomwa nini?"

"Marehemu."

Mwantumu aliangua kicheko mpaka akakaa chini. "Ndiyo maana! Saa tano hivi nilikuwa nakoroga, nikasikia ubaridi mgongoni. Na ulinipa dakika kamili, au ulinipunja?"

"Kamili. Nilikuwa nahesabu kama kawaida."

"Haya, asante, shoga yangu. Wewe ni mtu wa haki." Akamtilia uji.

Chanzo chake hakikuwa cha ajabu. Mwezi wa kwanza Mwantumu alikwenda kumzika dada yake, siku tatu. Mwalimu mkuu, mtu makini, akajaza fomu ya mahudhurio. Fomu ile ina visanduku vinne tu: Yupo, Likizo, Mgonjwa, Msiba. Akaweka alama kwenye Msiba. Fomu ilipofika wilayani, karani wa wilaya, naye mtu makini, akachukua wote wenye alama kwenye Msiba akawaingiza kwenye orodha ya agenda ya pili. Hajakosea mtu hapo. Kila mmoja amefanya kazi yake, na mimi siwezi kumlaumu yeyote.

Mwisho wa mwezi mshahara haukuingia. Mwantumu bado alicheka, ingawa si kwa sauti kubwa. Wiki iliyofuata alikwenda hospitali kuchukua dawa zake za sukari, dawa anazojichoma kila siku kwa miaka saba. Kadi ya matibabu ikakataa. Binti wa dirishani akaiingiza tena, ikakataa tena. "Mama, mashine inasema umefariki. Pole sana." Hapo Mwantumu hakucheka.

*

Walikwenda pamoja kwa Katibu. Bwana Mkalimoto alikuwa mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote serikalini, asiyejua uongo. Aliwakaribisha viti viwili. Alifungua daftari lake kubwa, akapitisha kidole, akalipata jina.

"Ni kweli," alisema. "Namba themanini na nane."

"Lakini huyu hapa," alisema Bi Sikudhani.

"Namwona."

"Basi mfute."

Bwana Mkalimoto alivua miwani. "Mama, hakuna anayesema hayupo. Tunasema ameshasomwa. Jina likisomwa na kengele ikalia, linaingia kwenye muhtasari. Muhtasari unasahihishwa kwenye agenda ya tatu. Siku tukifika agenda ya tatu, litakuwa jambo la kwanza. Nimeshaliandika pembeni kwa penseli." Akawaonyesha. Kweli lilikuwa limeandikwa, kwa penseli, vizuri sana.

"Na mtafika lini agenda ya tatu?" aliuliza Mwantumu.

"Hilo linategemea wenzenu," alisema Bwana Mkalimoto kwa huzuni. "Wakipunguza kufa."

Kikao cha mwezi wa sita Bi Sikudhani akamleta Mwantumu mpaka ukumbini, wakati wa chai, watu wakiwa na sambusa mikononi. Alitaka wamwone kwa macho yao. Akampeleka kwanza kwa mwenyekiti wa chama. Komredi Lipweche aliwavuta pembeni haraka, nyuma ya birika la chai.

"Dada zangu, nawaelewa," alinong'ona. "Lakini angalieni na upande wa pili. Tukisema kuna mtu kapewa dakika kimakosa, serikali itasema Mkataba wa Dakika una kasoro. Watauvunja! Tutabaki na nini? Ndio ushindi wetu pekee huu." Alikuwa amevaa fulana yake, imepauka, maandishi yanasomeka kwa shida.

Basi wakaenda kwa Kamishna mwenyewe. Profesa Pangamawe alikuwa mtu mnene, mwenye upole mkubwa, na kibofu kidogo, kama kila mjumbe alivyojua. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaweka kikombe chini, akamshika Mwantumu mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mama, kwa niaba ya serikali, nakupa pole kwa kuondokewa na nafsi yako," alisema. "Serikali haimkatai Mwantumu. Serikali inampenda Mwantumu. Iliposimama dakika nzima kwa ajili yako, mimi binafsi niliinamisha kichwa. Lakini nikikurudisha leo wewe mmoja, hapa kwenye chai, nje ya agenda, kesho watakuja wangapi? Nchi hii wamekufa wengi sana, mama. Hatuwezi kuanza kuwarudisha kiholela." Wajumbe tisa wa upande wa serikali waliokuwa wamemzunguka walitikisa vichwa na kupiga makofi kidogo, kwa kuwa walikuwa wameshika sambusa. Halafu wakaenda kusimama.

Siku hiyo walisomwa mia na arobaini na tisa.

*

Mwantumu aliendelea kupika. Mwalimu mkuu alihangaika sana na jambo hilo, maana marehemu haruhusiwi kuwa kwenye eneo la shule saa za kazi. Mwishowe akamwandika "mgeni" kwenye kitabu cha wageni kila asubuhi. Sababu ya ujio: uji. Watoto mia sita walikuwa wanakula, na hakuna mpishi mwingine ambaye angeajiriwa, kwa sababu nafasi ya marehemu hujazwa baada ya muhtasari kuthibitishwa.

Dawa alikuwa ananunua alipoweza. Bi Sikudhani alimchangia, walimu walimchangia, mwezi mmoja hata Bwana Mkalimoto alituma kitu kwenye bahasha bila jina, lakini mwandiko ulimfichua. Dozi ya siku mbili akaifanya ya siku nne. Mguu ukavimba. Akawa anakoroga amekaa.

"Sikudhani," alisema siku moja, mwezi wa kumi na moja. "Hivi ile dakika yangu, watu walinyamaza kweli?"

"Walinyamaza."

"Ulikuwa unaniwaza?"

Bi Sikudhani alifikiria kudanganya. "Nilikuwa naangalia saa."

Mwantumu aliitikia kwa kichwa, hakuonyesha kukasirika. Aliendelea kukoroga. Bi Sikudhani aliumia kwa jibu lake mwenyewe siku hiyo na siku mbili zilizofuata, na maumivu yale yalimshangaza, maana alidhani ameshaishiwa uchungu wote.

Mwezi wa kwanza, siku shule zilipofunguliwa, Mwantumu hakufika kusaini kitabu cha wageni. Alizikwa Ijumaa. Bi Sikudhani alisimama makaburini na macho makavu, anajua tu kwamba hataki chakula. Watu wakamwambia lia, utapata nafuu. Akajaribu, hayakutoka.

Jumatatu yake alikwenda kwa Katibu na cheti cha kifo, ili jina liingie kwenye kikao kinachofuata. Bwana Mkalimoto alikisoma chote. Kisha akafungua daftari, akachukua kifutio, akafuta pole pole yale maneno ya penseli pembeni.

"Kwa hiyo muhtasari ulikuwa sahihi," alisema. "Ulitangulia tu." Alitaka kumfariji. Alikuwa na machozi, yule mtu, simsingizii.

"Nimekuja kwa ajili ya dakika yake."

"Mama Sikudhani, dakika alishapewa. Mkataba unasema dakika moja, mtu mmoja. Ulipiganiwa na chama chenu wenyewe."

"Alikuwa hai ile mara ya kwanza. Alikuwa anapika."

"Najua," alisema Bwana Mkalimoto. "Lakini haiwezi kutolewa mara mbili."

*

Kikao cha mwezi wa tatu kilikuwa na majina mia na ishirini na moja, na kila mtu alifurahi, maana idadi ilikuwa imeshuka. Komredi Lipweche alisema ukumbini, wakati wa kufungua, kwamba haya ni matunda ya umoja. Kamishna alisema ni matunda ya utulivu. Wakanywa chai vikombe viwili viwili, wakasimama.

Jina, saa, nyundo. Watu wamezoea: wengine wanalala wima, wengine wanasogeza midomo wanahesabu vigae vya dari. Koplo wa polisi alisimama mlangoni na pingu zake. Ilipofika saa sita kasoro dakika ishirini, Bwana Mkalimoto akasoma jina la mwisho, mlinzi wa soko wa mkoa wa kaskazini, akaweka kalamu chini; muda uliobaki haukutosha kufungua agenda ya tatu.

Sekunde ya sitini ikafika. Bi Sikudhani aliinua nyundo, na mkono haukushuka.

Hakuwa amepanga. Baadaye watu walisema alipanga, kwamba ulikuwa mgomo, kwamba alitumwa. Hakuna aliyemtuma. Aliona tu kwamba nyundo iko juu, rimu iko pale, na yeye hana haraka. Akamwaza Mwantumu. Akamwona amekaa kwenye kigoda na mguu wake umevimba, anauliza, ulikuwa unaniwaza? Sasa ninakuwaza, alimjibu moyoni. Akaendelea kuangalia saa, ili asimpunje.

Dakika ya kwanza iliisha. Mkono bado uko juu. Ikaanza ya pili.

Ndipo watu wakaanza kuzinduka. Macho yakageuka jukwaani. Kamishna alikunja uso, akagusa saa yake ya mkononi kwa kidole. Bi Sikudhani hakumwangalia. Kamishna akamwangalia Katibu. Katibu akanyoosha macho kwenye kanuni zilizobandikwa ukutani. Hapana kukaa, hapana kusema, hapana kutoka mpaka kengele ilie. Koplo, aliyekuwa amezisoma kanuni zile kila kikao kwa miaka saba kwa kukosa cha kusoma, akagusa pingu zake.

Dakika ya nne, chai ilianza kumsumbua Kamishna. Alibadilisha mguu. Akabadilisha tena. Jasho likamtoka kwenye paji. Halafu jambo likamwingia akilini, likaonekana kabisa usoni kwake likiingia: huyu mwanamke anataka nyongeza. Akatazama huku na huku, akainua vidole viwili. Asilimia mbili.

Ukumbi mzima uliviona. Komredi Lipweche aliviona. Kwa miaka saba mtu yule hakuwa amejadiliana chochote, na sasa damu yake ya zamani ikamchemka. Akatikisa kichwa kwa nguvu, akaonyesha vidole vyote kumi. Kamishna akainua vitatu. Komredi, kumi. Kamishna, akiwa amebana magoti, akainua vitano. Wajumbe wa chama walikuwa wameng'ata midomo ili wasipige vigelegele. Mama mmoja mzoa taka machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti. Dakika ya nane, vidole saba. Dakika ya kumi Kamishna alifumba macho, akainua mikono yote miwili mbele ya kifua chake, viganja wazi, vidole kumi vimetanuka. Asilimia kumi. Ndiyo waliyokuwa wakiiomba tangu mwaka wa kwanza.

Bi Sikudhani hakuona hata kidole kimoja. Alikuwa anaangalia saa. Dakika ya kumi na moja ilipotimia, akajisikia amechoka, basi akagonga.

Ngo!

Ukumbi ulilipuka. Kamishna alitoka mbio kwa mlango wa pembeni, na kelele zikamfuata mpaka huko alikokwenda. Watu walikumbatiana. Komredi alipanda juu ya kiti na fulana yake iliyopauka. Wengine wakambeba Bi Sikudhani, akabebwa na nyundo yake mkononi, anawatazama kama watu wa kwenye picha.

Kamishna alirudi. Alikuwa amenawa uso, ametulia, ni mtu mwingine kabisa. Akasimama mbele ya kipaza sauti, akasubiri kimya.

"Wapendwa wajumbe," alisema, "nimeguswa. Nimeguswa na shangwe zenu, ingawa sijaelewa zinahusu nini. Kama kuna aliyeona mikono yangu ikiinuka, basi aliona sawa." Akaweka tena viganja mbele ya kifua, vidole kumi. "Nilikuwa ninawaombea dua marehemu wetu."

Na ungesema nini? Umwambie mtu mzima, mbele za watu, kwamba hakuwa anaomba dua? Katika nchi ile hayupo mwenye uso wa kufanya hivyo. Wajumbe tisa wa serikali wakainua viganja vyao nao. Komredi Lipweche alishuka kwenye kiti taratibu. Akatazama viatu vyake. Halafu, mtu wa kwanza kabisa katika ukumbi ule, akasema:

"Amina."

"Amina," ukumbi ukaitikia.

*

Zilibaki dakika tatu wapambaji waingie. Bwana Mkalimoto alisimama na daftari lake.

"Mheshimiwa, samahani, kabla ya kufunga. Kuna jambo la kiutaratibu. Baada ya dakika ya marehemu wa mwisho zimepita dakika kumi na moja za kimya. Kanuni ya tisa inasema hapawi na dakika ndani ya ukumbi isiyo na mwenyewe. Siwezi kufunga daftari hivi."

"Si uziandike tu za jumla?" alisema Kamishna, akivaa koti.

"Za jumla zilifutwa na Mkataba, Mheshimiwa. Mtunza dakika ndiye anayejua alizishika kwa ajili ya nani. Mama Sikudhani, ya kwanza ilikuwa ya nani?"

"Ya Mwantumu Sefu Mang'oli."

Bwana Mkalimoto alisita na kalamu juu ya karatasi. Akamtazama, naye akamtazama. "Alishasomwa," alisema, "lakini hii siyo ya kutolewa, hii imeshatoka." Akaandika.

"Na hizo kumi?"

Bi Sikudhani alitazama mbele yake. Kwenye meza ya serikali kulikuwa na watu kumi, na kila mmoja ana kibao cha jina lake, cheo kimeandikwa juu. Hakuwa na hasira, kama mtu anavyoweza kufikiri. Angependa kuwa nayo. Akaanza kusoma vibao, upande wa kushoto kuelekea kulia, pole pole, kama Katibu anavyosoma kila kikao.

"Mheshimiwa Profesa Gaudensi Pangamawe, Kamishna Mkuu wa Utulivu wa Mishahara..."

Bwana Mkalimoto aliandika. Akaandika wa pili, wa tatu, wa nne. Kalamu yake haikukwama. Alipofika wa kumi, Kamishna alikuwa ameshafika mbele ya meza ya Katibu, koti limevaliwa mkono mmoja.

"Hezroni! Unafanya nini? Futa hayo!"

"Kengele imeshalia, Mheshimiwa."

"Lakini mimi niko hapa! Si unaniona?"

"Nakuona," alisema Bwana Mkalimoto kwa upole wake wote. "Hakuna anayesema hupo, Mheshimiwa. Tunasema umeshasomwa." Akatoa penseli nyuma ya sikio. "Nitaandika hapa pembeni. Siku tukifika agenda ya tatu, litakuwa jambo la kwanza."

Wapambaji wa harusi waliingia na mapazia yao. Koplo mlangoni, aliyezoea kumpigia saluti Kamishna akitoka, aliinua mkono nusu, akafikiri, akaushusha.

Bi Sikudhani alitoka kwa mlango wa nyuma. Njiani aliitafuta furaha moyoni mwake, akaikosa. Akatafuta hata majuto, nayo hayakuwepo. Alitembea nusu saa kwa miguu mpaka shuleni, akatia nyundo yake mahali pake, na saa saba kamili akapiga kengele ya uji. Watoto walitoka madarasani mbio na vikombe vyao, kwa mazoea, wakapanga mstari mbele ya jiko lililokuwa halijawashwa tangu Mwantumu azikwe, wakasimama pale wanangoja.